Mlio Kifuani mwa Nyemo

Kitu cha kwanza nilichomwuliza daktari hakikuwa kama nitapona. Nilimwuliza kama itapiga kelele. Alikuwa kijana wa umri wa kuwa mwanangu, na kwa karibu nusu saa alikuwa amenigeuzia kioo cha kompyuta yake nione jinsi upasuaji wenyewe unavyofanyika huko India. Kulikuwa na mikono minne ya chuma iliyovishwa nailoni, imeinama juu ya mtu aliyefunikwa shuka mwili mzima isipokuwa sehemu ndogo ya ubavu. Daktari bingwa hakuwa karibu na kitanda. Alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, amevua viatu, uso ameuzamisha ndani ya kitu kama darubini kubwa, na vidole vyake viko kwenye pete. Akikunja kidole, kule ndani ya kifua mkono wa chuma nao unakunja kidole chake, kidogo kama mguu wa panzi. Kijana alinieleza kwamba mfupa wa kifua hawaupasui tena. Wanatoboa matundu machache chini ya titi la kulia, na kubwa kuliko yote halizidi urefu wa kidole gumba. Roboti haiamui lolote, alisema, inafuata mkono wa mtu tu. Nilikuwa namsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile mikono, jinsi inavyongoja kabla haijaingia.

"Nini ipige kelele, mama?" aliniuliza.

"Hiyo valvu."

Akanieleza kwa upole kwamba wakiweza watairekebisha valvu yangu mwenyewe, ule mlango wa damu ndani ya moyo, na hiyo haitatoa sauti. Wakishindwa wataweka ya kutengenezwa, na ya chuma huwa ina mlio kidogo, watu huuzoea. Nikamwuliza, na ikinyamaza je. Hapo akaweka kalamu chini, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Nani alikuambia habari za kunyamaza?"

Niliomba siku chache za kufikiri, naye akasema siku chache ni sawa ila mwezi ni mwingi, kwa sababu valvu imebana na pumzi yangu haitanisubiri. Jamaa walikuwa wamekwisha kuhangaikia safari, kilichobaki ni mimi kukubali kwa mkono wangu. Nilitoka hospitali nikiwa na fomu ya kutia sahihi kwenye mkoba, na badala ya kurudi kwa mdogo wangu nilikofikia, nilichukua bodaboda mpaka Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nilikuwa sijakanyaga Mkonze kwa miaka ishirini na sita. Nimekaa Kibaigwa, Singida, Mwanza, Tunduma, nimekaa hata Songea, na mara nyingi basi langu limepita Dodoma nikiwa nimelala au najifanya nimelala. Mtu akiniuliza kwa nini situlii mahali, huwa nasema ni biashara. Si kweli. Nilikuwa nakimbia chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali mabichi, kimepigwa lipu nusu ya ukuta, na mwenye nyumba alikuwa ameahidi kuimalizia nusu ya juu kila mwaka tangu rafiki yangu Nyemo apange. Kulikuwa na kitanda kimoja cha mbao, pazia la kitenge, meza ndogo yenye redio, na dirisha lililotazama shamba la zabibu la jirani. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipitisha vumbi chini ya mlango hata tukiziba kwa gunia. Nilihamia humo nikiwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne nangoja matokeo, na sababu ya kuhamia ilikuwa sindano. Nilikuwa nimeugua homa ya baridi yabisi nikiwa mdogo kule Busi. Magoti yalivimba, yakapona, tukasahau, kumbe ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye moyo. Daktari wa Kondoa aliandika kwamba lazima nichomwe sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne ili ugonjwa usirudi kuharibu zaidi, na dawa ile kwa uhakika ilipatikana Dodoma mjini.

Nyemo nilimkuta kwenye foleni ya sindano hiyo hiyo. Alinizidi miaka mitatu, msichana wa Kigogo, mrefu, mwembamba, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Sindano ile inauma kuliko zote ninazozijua, dawa yake ni nzito na inaingia kwenye tako polepole kama uji. Siku ya kwanza nilitoka nachechemea nikimeza machozi, naye alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja zamu yake. Akaniambia, "Wewe Mrangi, usitembee hivyo, watu watadhani umepigwa na mume." Nilicheka huku nalia. Mchana ule ule alininunulia chai na maandazi mawili, na mwezi uliofuata nilikuwa nimehamia kwake na begi langu. Tuligawana kazi. Yeye analeta mshahara, mimi napika, nafua na kuchota maji. Dhambi tuligawana pia, alikuwa akisema, kwa kuwa Ijumaa ni yangu na Jumapili ni yake, siku zilizobaki hazina mwenyewe.

Moyo wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Mimi nilikuwa nachoka kupanda mlima, yeye alikuwa anachoka kufunga kamba za viatu. Lakini kazini alificha. Ulikuwa wakati wa kupunguza wafanyakazi, kila wiki mtu anapigwa redandansi, na majina yanabandikwa ubaoni asubuhi kabla wenyewe hawajafika. Nyemo alikuwa akifika mapema kuliko wote ili asome ubao peke yake, halafu aweze kukaa chini na kupumua kabla wenzake hawajaja. Mafaili yaliyo rafu ya juu alikuwa anayashusha kwa mafungu madogo madogo. Siku moja alianguka na fungu lake, na ndipo mkubwa wake, ambaye tulikuwa tunamwogopa bure, akamwandikia barua ya matibabu yeye mwenyewe. Baada ya miezi ya kupanda na kushuka ngazi za maofisi, serikali ikampeleka India.

Alirudi mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Nilimpokea stesheni. Alikuwa amenenepa uso, akitembea kwa tahadhari kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Chumbani alifungua blauzi akanionyesha. Kovu lilianza chini ya koo likashuka katikati ya kifua mpaka karibu na kitovu, nene, jekundu, lenye alama za nyuzi kila upande. Aliniambia walimpasua mfupa kwa msumeno, wakaufungua kama mlango, halafu wakaufunga kwa waya, na waya bado umo. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji lakini kabla sijafungua kinywa nikausikia. Ulikuwa mlio mdogo mkavu, kama saa ya mkononi iliyofungwa kwenye kitambaa. Niligeuka kutazama redio.

"Si redio," Nyemo alisema. "Ni mimi."

Nilikaa na mlio ule miezi mitano na sikuuzoea hata siku moja. Mchana wa kelele hausikiki. Lakini Jumapili baada ya chakula, mabati yakiwa yamepata moto na mtaa mzima umejilaza, chumba kilijaa huo mlio. Nilijikuta nahesabu. Nilijikuta napumua kwa kuufuata. Akipanda ngazi mlio unakwenda mbio, akikasirika unakwenda mbio, na mara mbili tatu ulirukaruka kama mtu aliyejikwaa, nami nikakaa kitako jasho likinitoka mpaka ukashika mwendo tena. Yeye alicheka. Ofisini kwake walimwita Saa ya Serikali. Mkubwa wake alikuwa akimwambia asikae karibu naye kwenye kikao, maana anamkumbusha kwamba muda wa kustaafu unakaribia. Nyemo aliyasimulia haya akila, mdomo umejaa, na mimi nilicheka naye, lakini nilikuwa najua kwamba yule anayecheka na mimi anaishi kwa kitu cha chuma kinachofunguka na kufunga, na siku kikikwama hakuna cha kufanya. Na mimi nilikuwa kwenye foleni ile ile. Kila nilipomtazama nilijiona mwenyewe miaka michache mbele.

Kulikuwa na vidonge. Damu ikigusa chuma inataka kuganda, kwa hiyo kila jioni alimeza dawa ya kuizuia, na kila mwezi alitakiwa apimwe damu kuona kama dawa inatosha. Pamoja na vidonge alirudi na karatasi ya masharti iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Kiingereza cha Nyemo kilikuwa cha ofisini, cha "rejea barua yako", kwa hiyo kazi ya kuisoma ilikuwa yangu, msomi wa kidato cha nne. Nilikaa kitandani na kamusi ya kuazima nikaiandika yote kwa Kiswahili kwenye daftari. Asinywe aspirini. Asichomwe sindano kwenye misuli bila kumwambia mganga. Akijikata aende hospitali. Na kuhusu chakula, asizidishe mboga za majani kama mchicha na kabichi, kwa kuwa zinaipunguza dawa nguvu. Nilipiga mstari chini ya mchicha na kabichi kwa kalamu nyekundu. Nikabandika ukurasa ule ukutani juu ya jiko la mkaa, na tangu siku hiyo mchicha haukuingia nyumba ile. Nilikuwa mkali. Siku moja jirani alituletea kabichi la kupikwa, nikamrudishia sahani kama ilivyokuja, nikagombana naye wiki nzima.

Mwezi wa sita mama yake alikuja kutoka kijijini kumwuguza. Mama Nyemo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Kiswahili alikiongea polepole akichagua maneno, na mambo yaliyomgusa aliyasema kwa Kigogo kwanza halafu akatutafsiria nusu. Alikuja na gunia la unga wa uwele, kuku wawili waliofungwa miguu, na mfuko wa kitambaa wenye unga wa kijani uliofifia. Ulikuwa mlenda. Masika wanachuma majani, wanayaanika, wanayatwanga na kuyachekecha, na unga ule unakaa mwaka mzima. Kwetu Busi tunaufanya hivyo hivyo. Kwa mgonjwa, kwa mzazi, kwa mtoto aliyekataa chakula, hakuna kingine. Unapita kooni bila kutafunwa, na ugali wa uwele unashuka nao kama umepakwa mafuta. Mama alimtazama binti yake usoni, akamshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole viwili, vikakutana. Akasema watu wa India wamemtengeneza moyo wakasahau mwili.

Tangu siku hiyo niliupika mchana na jioni. Maji yanachemka, unatia magadi kidogo na chumvi, unanyunyiza unga huku unapekecha mpaka uanze kuvutika. Nyemo alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alisema kule India walimlisha wali na maji ya dengu mpaka akaanza kuota mlenda. Alifuta bakuli kwa kidole. Mama alikaa akimtazama, mikono mapajani, na kila tonge lililokwenda aliliitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa na furaha, siwezi kuficha, kwa sababu mashavu yake yalianza kurudi na mpishi nilikuwa mimi. Mara moja tu, nikiwa napekecha, macho yangu yalipanda ukutani kwenye ile karatasi yangu ya mstari mwekundu. Nikamwuliza Mama kama mlenda si majani.

"Majani ni ya mtu mwenye meno," alinijibu. "Huu ni unga. Nimemlea nao tangu hajaota hata jino moja."

Tukacheka wote watatu. Nikaendelea kupekecha.

Ingetosha kipimo kimoja kutuambia. Lakini mwezi ule hospitali ilikuwa imeishiwa dawa ya kupimia. Walimwambia aje wiki ijayo, na wiki ijayo wakamwambia hivyo hivyo. Dar es Salaam kipimo kilikuwapo, ila ofisini kulikuwa na orodha nyingine ya redandansi inayoandaliwa, na Nyemo hakutaka kuomba ruhusa ya kwenda kupimwa wakati majina yanachaguliwa. Alisema anajisikia vizuri, na alikuwa anajisikia vizuri kweli. Alikuwa akiimba asubuhi. Tukaacha miezi miwili ipite.

Jumapili moja ya mwezi wa nane tulikuwa tumemaliza kula. Mama alikuwa amekaa mkekani akichambua uwele, Nyemo amelala kitandani chali, mimi naosha vyombo mlangoni. Kulikuwa kimya. Nilikaa na sahani mkononi kwa muda bila kujua ni nini kilichonisimamisha, halafu nikaelewa kwamba nilikuwa natafuta mlio na siupati. Nikaenda kukaa kitandani. Ulikuwepo, lakini mbali, mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Nikamwambia Mama. Akainuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga magoti kando ya kitanda na kuweka sikio juu ya lile kovu. Alikaa hapo muda mrefu amefumba macho. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Sisikii kitu," alisema. "Amepona. Moyo umekubali kile chuma, umekifunika na nyama."

Tukaamini. Ndivyo ilivyokuwa, tukaamini. Tulikuwa tumeuogopa ule mlio tangu Machi, na sasa ulipoanza kupotea tuliona kwamba ni hofu yenyewe inayotoka. Mama aliamua kuku mmoja aliyebaki achinjwe kwa shukrani. Alimwita jirani Mwislamu aje achinje ili nami nile, akapika mwenyewe, na pembeni akaweka bakuli la mlenda. Nyemo alituambia kwamba Jumatatu ataingia ofisini kimya kimya na kuwashangaza, Saa ya Serikali imesimama. Aliposema hivyo alicheka, kisha akakohoa, na akaendelea kukohoa zaidi kidogo ya inavyohitajika. Niliona. Nilisema ni vumbi.

Alhamisi hakuweza kulala chali. Ijumaa asubuhi midomo yake ilikuwa ya rangi ya zabibu. Tulimpakia kwenye gari la jirani, kichwa chake begani kwangu, nami njia nzima nilikuwa nimebana sikio kifuani kwake. Hapakuwa na mlio. Kulikuwa na kitu kama maji yanayopita kwenye tundu dogo. Hospitali walimkimbiza ndani, mama akaingia naye, na daktari mmoja mtu mzima akatoka kuniuliza maswali kwenye ukumbi. Alipimwa lini mara ya mwisho? Vidonge alikuwa anameza? Nikaapa kwamba hakukosa hata kimoja, na kwamba mchicha haujaingia nyumbani, na kabichi nilimrudishia jirani. Akaniuliza sasa alikuwa anakula nini. Nikamwambia ugali wa uwele na mlenda. Mara ngapi? Nikamwambia kila siku, mara mbili.

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alinigusa bega, akarudi ndani, na mlango ulikuwa haujafunga sawasawa nilipomsikia akimwambia nesi kwamba wamempa majani ya wiki nzima katika bakuli moja, tena makavu. Kwamba damu imegandia valvu na haifunguki. Nesi akauliza kama anaweza kufika Dar. Nyemo alifariki kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimesimama dirishani, nje mtu alikuwa anauza maji ya baridi kwenye ndoo, na watu walinunua.

Mama Nyemo hakulia kwa sauti. Alinishika mkono, akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema ni amri ya Mungu. Hilo ndilo neno langu la mwisho la maana kwake. Msiba ulipoanuliwa niliondoka alfajiri bila kuaga. Niliacha hata ile karatasi ukutani. Nilishukia Kibaigwa kwa sababu lori lililonichukua lilikuwa linaishia hapo, na nikaanza kazi ya kupima mahindi sokoni, halafu nikahama, halafu nikahama. Sindano nilichomwa nilipokumbuka. Kila mganga aliyeweka kile kifaa chake kifuani kwangu na kukunja uso, nilimshukuru na mwezi uliofuata nilikuwa mkoa mwingine. Mlenda sikuutia kinywani tena, na watu wa kwetu wamenisema kwa hilo kwamba nimejifanya wa mjini.

Sasa nilikuwa nimesimama Mkonze na ile fomu kwenye mkoba. Shamba la zabibu limekuwa mtaa wa nyumba za bati za rangi. Niliuliza mara tatu. Mama Nyemo alikuwa hakurudi kijijini. Alibaki jirani na kaburi la mwanawe, na anaishi na mjukuu wa dada yake kwenye nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta. Nikapiga goti nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, akapapasa mpaka akafika kwenye masikio.

"Mrangi," alisema. "Umechelewa."

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye bodaboda. Yalikuwa mengi, nilisema machache. Nilimwambia kwamba yule daktari hakusema amri ya Mungu. Nikamwambia alichosema. Nikamwambia karatasi niliisoma mimi, mlenda niliupika mimi, na swali nililiuliza mara moja nikaliacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama alivyokuwa akiyaitikia matonge ya Nyemo.

"Najua," alisema. "Yule nesi alikuwa wa kwetu. Aliniambia kwa Kigogo siku ile ile, kabla sijakushika mkono. Nikasema moyoni, mfuko niliuleta mimi kutoka nyumbani. Lakini huyu mtoto ndiye aliyekuwa anasoma. Akijua, hatapona. Nikakuuliza daktari kasema nini, nione kama unajua. Ukasema ni Mungu. Nikashukuru kwamba hujui. Halafu ukaondoka bila kuaga, nikajua unajua."

Tulikaa pale mpaka kivuli kikahama. Sitaandika yote. Nilimweleza habari za mikono ya chuma na daktari anayekaa mbali amevua viatu, naye akauliza kama huyo daktari atakuwa amekula. Nikamwambia naogopa kiasi kwamba jina langu nimeshindwa kuliandika. Akasema yeye hajui kusoma, lakini nimwonyeshe mahali pa kuandika. Akaweka kidole chake juu ya mstari, nami nikaandika jina pembeni ya kidole. Kimebaki kidoa cha udongo hapo, na yule kijana wa hospitali aliipokea fomu hivyo hivyo.

Kule India, kabla hawajanilaza, niliiona ile mashine. Ilikuwa imesimama pembeni ya chumba chenye baridi, imevishwa nailoni kila mkono, kama samani za mtu aliyesafiri. Haikuwa inafanya chochote. Nilitafuta kigoda cha daktari, nikakiona, mbali, chini yake viatu viwili vya mpira vimepangwa vizuri. Nilivikazia macho vile viatu mpaka dawa ikanichukua.

Siku ya tatu walinihamishia wodini. Upande wa kulia wa kifua ulikuwa na plasta tano ndogo. Mfupa wangu ulikuwa mzima. Daktari alikuja, akaniambia polepole kwa Kiingereza kwamba valvu wameirekebisha, ni yangu mwenyewe, wameipanua na kuishona na kuizungushia pete. Nikamwomba arudie, kisha nikamwomba arudie tena. Kiingereza changu ni kile kile cha kidato cha nne na mara ya mwisho kukitegemea kwa jambo kama hili kilitosha kwa kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Nikamwuliza chakula. Akasema dawa ya damu ni ya miezi michache tu, na majani nile kiasi kile kile kila siku, nisizidishe wala nisiruke. Nikamwandikia neno mlenda kwenye karatasi, nikamweleza jinsi unavyotwangwa. Alilitazama lile neno, akalinakili kwenye faili langu.

Mchana mjukuu alinipigia, akampa simu bibi yake. Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Unalia?" aliuliza. Alikuwa anauliza moyo.

Nikamwambia haulii, wamesema hautalia, ni valvu yangu mwenyewe. Akaniambia niiweke simu kifuani. Niliishusha ndani ya gauni la hospitali, nikaibana na kiganja chini ya titi la kushoto, mbali na plasta, nikatazama dari. Wodi ilikuwa tulivu, feni inazunguka, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Nami nilikuwa nasikiliza pamoja naye. Hapakuwa na kitu. Nilihisi jasho likinitoka mgongoni kama lilivyokuwa likinitoka kwenye kile chumba cha Mkonze. Niliirudisha simu sikioni.

"Sisikii kitu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mwite nesi. Mwambie naye asikilize."

Nesi alikuwa amenisikiliza muda mfupi tu uliopita. Nikabonyeza kengele nikamwita.